Kengele ya Masinde na Njia ya Mkwe

Watu wa shamba moja la pareto na ng'ombe huko Bahati walimsikia Masinde kabla ya kumwona, na hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyopenda. Kila asubuhi kengele ya baiskeli yake ililia kule juu kwenye zizi la kukamulia, na kila aliyekuwa njiani akajua la kufanya. Mlio mmoja mfupi: wewe unayetembea mikono mitupu, shika kushoto. Milio miwili: mama mwenye debe kichwani, usigeuke, nimeshakuona, nitapita mbali nawe. Mlio mrefu usiokatika ulikuwa wa ng'ombe, ambao hawakuutii hata siku moja, lakini Masinde aliupiga hata hivyo ili wasije wakasema hawakuambiwa.

Hiyo ya debe si jambo la kuchekwa. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, imechongwa na miguu tu. Ilishuka kutoka zizini, ikapita katikati ya laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, ikazunguka banda la kukaushia pareto, ndipo ikakutana na barabara ya kwenda Nakuru. Barabarani palikuwa pa malori na magari ya wazungu, kwa hiyo mwenye baiskeli na mwenye miguu walibanana kwenye njia hiyo moja. Katika mashamba mengine wenye baiskeli walikuja kimyakimya, wakafika mgongoni mwa mtu ndipo wakapiga kelele. Mama akishtuka akageuka, debe nalo linageuka, na safari ya mtoni inakuwa ya bure. Cheptanui, mchuma pareto aliyeloweshwa hivyo mara nyingi kule alikotoka, alisema wazi mbele ya wenzake kwamba Masinde ndiye mtu wa kwanza kumwona juu ya magurudumu akiwa bado na adabu. Maneno hayo yalimfikia Masinde, akayashushia ugali wiki nzima.

Alikuwa na sababu ya kuijali kengele kuliko mtu mwingine. Alipotoka Kimilili akiwa kijana, kazi yake ya kwanza shambani hapo ilikuwa jikoni kwa bwana mkubwa. Mezani palikaa kengele ndogo ya shaba. Memsahibu akiitikisa, Masinde aliacha alichokuwa akifanya akakimbia, hata kama tonge lilikuwa limekaribia mdomo. Jina lake halikutajwa mle ndani. Mlio ndio uliokuwa jina. Miaka ikaenda hivyo mpaka akanunua Raleigh nyeusi dukani kwa Mhindi mjini, akamwendea bwana na kumwambia kwamba ile krimu inayongoja lori mpaka inachacha, yeye ataifikisha stesheni ya Nakuru ingali nzuri. Bwana akakubali. Siku aliyoileta baiskeli nyumbani aliisukuma karibu kilima chote cha Bahati, maana mlima haukumruhusu kuendesha, lakini kidole gumba hakikubanduka kwenye kengele.

"Sasa mimi ndiye napiga," alimwambia mkewe, Milcah, na Milcah akacheka mpaka akakaa chini.

Basi alijivuna, na wala hakuficha. Aliisugua ile kengele kwa majivu mpaka ungeweza kujinyoa ndevu ukijitazama ndani yake. Alipenda kusema kwamba tangu aanze kupeleka krimu, gurudumu lake halijagusa mtu, na ni kweli halikuwa limegusa. Kuku mmoja alilalamikiwa, lakini kesi hiyo Masinde aliipinga hadi mwisho.

Mambo yaliharibika mwaka wa hamsini na sita. Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa mashambani kwa sababu ya hali ya hatari, nyumba zao kwenye laini zikabaki wazi, kisha zikajazwa watu wa magharibi waliokuja na treni. Mmoja wao alikuwa Micah, kaka yake Milcah. Baba yao alipofariki, Micah alimleta mama yao, Rasoa, akae naye hapo hapo shambani. Milcah alifurahi mno. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, ya pili ilikuwa inakua tumboni, na hakuna kitu alichokitaka kama mama yake awe karibu siku ikifika.

Masinde naye alifurahi, ila kwa mbali, kama inavyopasa. Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawaonani ana kwa ana. Si chuki, ni heshima iliyopanda mpaka ikaogopwa. Hawasemezani, hawaitani, hawali pamoja. Wakikutana njiani, kila mmoja hujitenga na kumpa mwenzake mgongo, na anayekosea huiletea nyumba ya watoto aibu ambayo huchukua muda kusafishwa. Kule Kimilili vichaka ni vingi na njia ni nyingi, mtu anaweza kumheshimu mama mkwe wake maisha yote bila kuchana suruali. Bahati palikuwa na njia moja.

Rasoa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kuhurumiwa. Hakukubali kula chakula cha mwanawe bure. Nyapara wa shamba, Obura, Mjaluo mwenye sauti ya kutikisa mabati, akampa kazi ya kutunza watoto wachanga wa wachuma pareto. Alitandika mkeka kivulini mwa banda la kukaushia, akina mama wakamwachia watoto asubuhi na kuja kuwanyonyesha kazi ikiruhusu. Tangu ashike kazi ile hakuna mtoto aliyeungua, aliyetumbukia mtaroni, wala aliyekula udongo kupita kiasi. Akina mama walimsifu kwamba macho yake hayatoki kwa watoto hata chembe. Kazi ile ilimnyoosha mgongo, akatembea kama mtu mwenye cheo.

Shida ni kwamba alitembea kwenda bandani saa ile ile Masinde aliyokuwa akishuka na krimu.

Asubuhi ya kwanza Masinde alimwona mbele, mkeka kichwani, akatambua ule mwendo, akapiga milio miwili akiwa mbali. Alitarajia kwamba mama, akijua anayekuja ni mkwe wake, atajitenga kando, atageuza mgongo, na yeye atapita akitazama upande wa pili, heshima imekamilika. Mama hakujitenga. Masinde akapiga tena. Mama akaendelea kutembea katikati ya njia, taratibu, kama njia ameirithi. Kumwita kwa sauti ilikuwa aibu. Kumpita karibu namna ile ilikuwa aibu kubwa zaidi. Masinde akakata kona, akaingia kwenye pareto na mikebe yake miwili ya krimu, akaruka matuta mpaka meno yakagongana.

Ikawa hivyo siku nyingi. Siku nyingine alifanikiwa kusimama na kungoja, akachelewa treni. Siku nyingine alianguka, krimu ikamwagika, na Obura akataka kujua kwa sauti yake ile tangu lini pareto imeanza kunyweshwa krimu. Masinde akanunua kengele ya pili. Haikusaidia, akafunga ya tatu. Halafu akajifunza kupiga filimbi huku akiendesha. Baiskeli ikawa inashuka kilima na kelele za harusi nzima, laini zote zikigeuza vichwa, isipokuwa kichwa kimoja.

Watu hawakukawia kuongea. Mbona Obura akimwita Rasoa kutoka ng'ambo ya shamba anaitika mara moja? Mbona ukimsemesha anakujibu sawasawa? Masikio anayo, wakasema, ila mkwe ndiye hamtaki. Wengine wakaongeza kwamba alikuwa ametaka mkwe mwalimu, akaletewa mbeba krimu. Maneno yakazunguka mpaka yakaingia nyumbani kwa Masinde bila kubisha hodi, na Masinde akayaamini. Yalimuuma. Mtu aliyejivunia kwamba kila mtu kwenye njia ile anaheshimu kengele yake alikuwa amepata mmoja anayeidharau, na mtu huyo ndiye aliyemzaa mkewe.

Micah yalimchoma zaidi. Alikuja jioni moja, akakataa hata kiti. "Mulamwa," alimwambia Masinde, maana ndivyo shemeji wanavyoitana kwao, "mama ananiharibia jina. Nikisikia tena amekukatalia njia, nampandisha treni arudi Kimilili."

Milcah aliyekuwa akipepeta mahindi akaacha kupepeta. Mkono wake ulienda tumboni ukakaa hapo. Masinde aliuona mkono ule.

Kesho yake alishuka na kengele zake tatu akiwa ameamua kupiga kama mwendawazimu. Akampata Rasoa karibu kabisa na banda. Akapiga zote, akapiga filimbi, mama akaendelea na mwendo wake, na Masinde akajikuta ndani ya pareto tena, safari hii amelala chali, baiskeli juu yake. Mikebe ilikuwa imefungwa vizuri ikapona. Alikuwa anaona aibu kuinuka, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshafika kwenye mkeka, hatua chache tu, na akina mama walikuwa wanamkabidhi watoto. Akabaki amejificha kati ya maua meupe, akingoja wachumaji waondoke, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akatazama.

Rasoa alikuwa amempa mgongo, amepakata mtoto mmoja na wengine wamekaa mbele yake. Nyuma yake, pembeni ya mkeka, kulikuwa na mtoto aliyelala. Wachumaji walipokuwa wameshaenda mbali, mtoto yule akaamka akaanza kulia, kile kilio chembamba cha mtoto mchanga kinachopenya hata ukutani. Rasoa hakugeuka. Mtoto akalia akazidi, uso umeiva. Rasoa akaendelea kumchezesha yule aliyempakata, ametulia kabisa. Masinde akataka kupiga kelele, akakumbuka yeye ni nani.

Ndipo mmoja wa wale waliokaa mbele, mwenye shingo imara, akageuza uso kumtazama anayelia. Rasoa aliuona uso ule ukigeuka. Papo hapo aligeuka naye, akamnyakua mtoto, akamweka begani, akambembeleza, na yote hayo yalikuwa ya haraka hivi kwamba mtu aliyefika wakati ule angeapa kwamba mama huyu husikia hata inzi akitua.

Masinde alibaki chali, anatazama mawingu ya Bahati. Sauti nzito kama ya Obura mama aliisikia. Maneno ya mtu aliye mbele yake aliyasoma midomoni. Lakini vitu vyembamba, kilio, filimbi, kengele, vilikuwa vimemkimbia. Hakuwa amemdharau. Siku zote zile alikuwa akimpigia kengele mtu ambaye kwake dunia ya kengele imeshafungwa. Na kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kumtazama usoni wala kumuuliza, na mama hakuruhusiwa kumweleza, wangeweza kuendelea hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Masinde alijisikia mjinga, halafu akajisikia vibaya, halafu akapandwa na kitu kingine. Alimwonea mama yule fahari. Alikuwa ametunza watoto wa laini nzima kwa macho tu, na hakuna aliyejua.

Neno moja lingemtoa Masinde kwenye matata: hasikii. Aliligeuza mdomoni njia yote ya kwenda Nakuru, mpaka ziwa likaonekana kule chini, na njia yote ya kurudi. Neno lile lingefuta dharau, lingemnyamazisha Micah. Pia lingeutoa mkeka mikononi mwa Rasoa siku hiyo hiyo, maana mama gani angemwachia mtoto wake mlezi asiyesikia kilio? Wangemhurumia, wangemkalisha jikoni kwa Micah, na mgongo ule ulionyooka ungepinda.

Jumapili, baada ya ibada ya kanisa la Marafiki iliyofanyikia uwanjani kwenye laini, Micah alisimama na kusema kwamba ametosheka na aibu, mama atapanda treni ya wiki hiyo. Wazee wakaguna kukubali. Rasoa alikuwa nyuma kabisa, upande wa wanawake, amewapa mgongo wanaume kwa sababu mkwe wake yuko, leso imefunika kichwa. Masinde akasimama. Alikuwa amekuja na kengele zake mkononi, zote tatu, amezifungua kwenye baiskeli asubuhi ile.

"Kosa ni langu," akasema. "Hapa kuna wengi tuliofanya kazi jikoni kwa mzungu. Mnaijua kengele ya mezani. Ikilia, wewe si Masinde tena wala si Obura, wewe ni boyi, unakimbia. Mimi niliichukia kengele hiyo. Halafu nikapata yangu, nikaenda kumpigia nani? Mama aliyenizalia mke. Nikampigia moja, akakataa. Nikampigia tatu, akakataa. Sasa mnataka kumfukuza kwa sababu amekataa kuwa boyi wangu?"

Wanaume walitazama viatu vyao, wenye viatu, na wengine walitazama vidole vya miguu. Wengi wao walikuwa wamewahi kukimbilia mlio ule, na wengine wangeukimbilia kesho yake asubuhi. Cheptanui ndiye aliyesema kwanza, kwamba yeye hakuwahi kulifikiria hilo, lakini sasa anaona mama Rasoa ndiye mtu pekee kwenye laini aliyekuwa na akili. Wanawake wakacheka, na kicheko chao kikaimaliza kesi. Micah aliketi. Kuhusu treni hakuongea tena, siku ile wala baadaye.

Lakini maneno matupu hayapitishi mikebe. Masinde alimwendea Obura akaomba ukanda wa ukingoni, ule wa juu ya pareto ambao trekta halikuwa likiutumia, aukate uwe njia ya magurudumu. Obura alimwuliza kwa sauti iliyosikika laini zote kama anataka kumjengea mama mkwe na daraja. Kisha akakubali, mradi isiwe wakati wa kazi. Masinde akakata nyasi jioni baada ya jioni, akang'oa visiki, akasawazisha matuta, akapanga mawe kwenye ukingo ili mvua isiule. Milcah alimletea uji na kumwambia apumzike. Hakupumzika. Njia ilipoisha ilikuwa inashuka kutoka zizini, inapita juu ya laini na nyuma ya banda, inaungana na ile ya zamani pale barabarani. Wenye miguu wakabaki chini, wenye magurudumu juu. Wenye baiskeli wa mashamba jirani wakaigundua wakaanza kuipita, na akina mama wenye madebe wakatembea bila kushtuliwa na mtu. Watu wakaiita Njia ya Mkwe. Masinde akisikia jina hilo alijifanya hakusikia, ila kifua kilimsaliti.

Kengele alikuwa amezifungia sandukuni. Alipita kule juu kimya, na ukimya ule ulimuuma kuliko alivyokubali.

Milcah alijifungua kwa mama yake, nyumbani kwa Micah, mtoto wa kike mzima mwenye mapafu ya Obura. Siku moja huko, akimnyonyesha, alimsimulia mama yake yote yaliyosemwa Jumapili ile, moja baada ya jingine, uso kwa uso. Rasoa alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: siku ya mwisho mkwe wake alipoanguka kwenye pareto, alikuwa ameangukia wapi? Milcah akamwambia, karibu na banda, nyuma ya mkeka. Mama akaomba apewe mtoto amcheulishe.

Mtoto alipokaza shingo, Milcah alirudi kuchuma pareto, na asubuhi ya kwanza akampeleka kwenye mkeka wa bibi yake kama mama mwingine yeyote. Jioni alirudi nyumbani na salamu.

"Mama anasema ufunge kengele yako," akamwambia Masinde. "Moja tu, si tatu."

Masinde akauliza sababu, macho kwenye sahani.

"Anasema ukipita kule juu kimya, hajui kama mkwe wake ameenda salama. Lakini ukipiga, watoto wote watageuza nyuso upande mmoja. Anasema yeye atawatazama watoto." Milcah alimtazama mumewe. "Ulikuwa unajua."

"Nile kwanza," akasema Masinde, lakini hakuweza kula.

Kesho yake aliisugua kengele kwa majivu, akaifunga pale pale ilipokuwa, akapakia mikebe, akashika Njia ya Mkwe. Alipofika juu ya banda aliwaona kule chini kwenye mkeka, na katikati yao mama mkwe, amempa mgongo, mtoto wa Milcah amelala kwenye mapaja yake. Masinde akapiga milio miwili, ile ya mama aliyebeba mzigo, inayosema usigeuke, nimeshakuona.

Nyuso ndogo zote ziligeuka zikamtazama, na yule wa mapajani akawa wa mwisho kugeuka. Rasoa hakugeuka. Alivuta leso yake vizuri kichwani, akakaa wima, akangoja mpaka nyuso zile zilipomaliza kulifuata gurudumu na kumrudia yeye.